Kubadilisha mafaili ndani ya faili la ISO kwa mstari wa amri bila kuharibu uwezo wake wa kuwasha kompyuta

Mwalimu wa TEHAMA, Nachingwea

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha TEHAMA katika shule ya sekondari wilayani Nachingwea, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa chumba cha kompyuta kwa mashine zilizokwishatumika ambazo zilitufikia zikiwa hazina mfumo endeshi wowote. Nimeamua kuziwekea Debian 12. Faili la ISO la DVD ya kwanza, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, ninalo tayari. Nililipakua nikiwa Mtwara mjini, kwa kuwa faili la karibu GB 4 ni mzigo mzito kwa bando la huku kwetu.

Ninachotaka ni kuingiza ndani ya ISO hiyo faili la majibu, yaani preseed.cfg, ili kila mashine isakinishwe kwa mpangilio mmoja: majira ya Africa/Dar_es_Salaam, kibodi ya aina moja, mtumiaji mmoja wa wanafunzi, na isihangaike kutafuta mtandao ambao haupo. Ninataka pia kurekebisha menyu ya kuwashia ili isome faili hilo yenyewe, kwa sababu wanafunzi wa klabu ya kompyuta ndio watakaofanya kazi ya usakinishaji nami nikiwasimamia.

Nilipachika ISO kwa amri ya mount na mafaili yote yakaonekana vizuri, ila mfumo ulinijulisha kwamba chanzo kimezuiwa kuandikwa, kwa hiyo kimepachikwa kwa kusomwa tu. Nilipoomba kipachikwe upya kwa kuandikwa, ombi lilikataliwa hata nilipotumia mamlaka ya msimamizi mkuu. Je, kuna namna ya kubadilisha mafaili machache tu kwa mstari wa amri bila kuifumua ISO nzima? Na je, flashi itakayotokana nayo itaendelea kuwasha mashine zote, maana programu ya ndani inayoziwasha katika nyingine ni BIOS ya zamani na katika nyingine ni UEFI? Ningeshukuru pia kuambiwa ni programu zipi nizipakue nikiwa mjini, kwa sababu nikisharudi shuleni sitaweza kuongeza kitu.

Mtunza seva, Shangani – Mtwara

Mwalimu, shikamoo, na hongera kwa kazi hiyo.

Kukataliwa huko hakutokani na mamlaka yako. Mfumo wa mafaili wa ISO 9660, ambao ulipitishwa kuwa kiwango mwaka 1988 kwa ajili ya CD, uliundwa kwa kudhani kwamba diski ikishaandikwa haiguswi tena. Mafaili yamepangwa yakifuatana, kila moja likianzia mwanzo wa sekta ya baiti 2048, na orodha ya folda inataja tu kwamba faili fulani linaanzia sekta fulani na lina urefu fulani. Hakuna mahali popote panapoweka kumbukumbu ya nafasi zilizo wazi, kwa hiyo kiini cha Linux hakina hata pa kuanzia kikitaka kuongeza faili. Ni kama mkeka uliokwisha kushonwa: ukitaka kuingiza ukili katikati, sharti ufumue na kushona upya.

Habari njema ni kwamba ipo programu inayofumua na kushona kwa mkupuo mmoja, bila wewe kumwaga mafaili yote kwenye diski yako. Inaitwa xorriso, nayo ndiyo ambayo Debian wenyewe huitumia kutengenezea ISO zao. Ukiwa mjini pakua kifurushi cha xorriso pamoja na maktaba zake, zikiwemo libisoburn, libisofs na libburn, kisha ongeza qemu-system-x86 na ovmf kwa ajili ya majaribio nitakayoyaeleza chini.

Kabla ya jambo lolote, hakiki ISO uliyo nayo kwa sha512sum ukilinganisha na namba iliyo katika faili la SHA512SUMS la Debian. Lifanye sasa, kwa sababu ukishabadilisha hata herufi moja namba hiyo haitalingana tena, na hutakuwa na njia ya kujua kama kasoro utakayoiona baadaye ilitokana na upakuaji au na mabadiliko yako.

Kisha toa yale mafaili machache tu unayotaka kuyahariri:

`xorriso -osirrox on -indev debian.iso -extract /isolinux/txt.cfg txt.cfg -extract /boot/grub/grub.cfg grub.cfg -extract /md5sum.txt md5sum.txt`

Yatatoka yakiwa ya kusomwa tu, hivyo yape ruhusa kwa `chmod u+w txt.cfg grub.cfg md5sum.txt`. Faili la txt.cfg ndilo hutumika mashine ikiwaka kwa BIOS, na grub.cfg hutumika ikiwaka kwa UEFI. Kwa kuwa una mashine za aina zote mbili, rekebisha yote mawili. Katika txt.cfg utaona mstari unaoanza na `append vga=788 initrd=`, na katika grub.cfg mstari unaoanza na `linux /install.amd/vmlinuz`. Ongeza maneno haya kabla ya vistari vitatu vilivyo karibu na mwisho wa mstari:

`auto=true priority=critical file=/cdrom/preseed.cfg`

Nasisitiza yawe kabla ya vistari hivyo, kwa sababu chochote kinachoandikwa baada yake huhamishiwa kwenye mfumo uliosakinishwa na kubaki huko katika kila uwashaji. Neno `auto=true` nalo lina kazi yake hasa: linaahirisha maswali ya lugha na kibodi mpaka faili la majibu liwe limesomwa. Bila hilo, maswali hayo huulizwa kabla flashi haijafunguliwa, na majibu uliyoyaandika huwa yamechelewa.

Badilisha pia namba za mafaili hayo mawili katika md5sum.txt, ambayo ni orodha ya namba za kukagulia uzima wa mafaili. Sasa unda ISO mpya:

`xorriso -indev debian.iso -outdev debian-shule.iso -map preseed.cfg /preseed.cfg -map txt.cfg /isolinux/txt.cfg -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg -map md5sum.txt /md5sum.txt -boot_image any replay`

Kipande cha `-boot_image any replay` ndicho kinachojibu swali lako la mwisho. ISO ya Debian ina njia mbalimbali za kuwashia ndani yake: rekodi za El Torito, kanuni iliyotolewa mwaka 1995 kwa ajili ya kuwasha kompyuta kwa CD, na pia rekodi iliyowekwa katika sekta 16 za mwanzo, ambazo ISO 9660 yenyewe haizitumii, ili faili lile lile liweze kuandikwa kwenye flashi na kuwaka kama diski ya kawaida. Neno `replay` linaiagiza xorriso isome mpangilio huo wote katika ISO ya zamani na kuurudia katika ile mpya. Ukilisahau, unaweza kupata ISO yenye mafaili yote sawasawa lakini mashine isiitambue kabisa.

Hakikisha tu kwamba debian-shule.iso halipo kabla ya kuanza, kwani xorriso haitakubali kuandika juu ya faili lenye maudhui, na kwamba diski yako ina nafasi ya kutosha nakala ya pili ya ISO.

Fundi kompyuta, Newala

Salaam kwenu nyote. Mimi nimezoea njia tofauti: ninapachika ISO, ninanakili kila kitu kwenye folda kwa `cp`, ninahariri ninavyotaka, kisha ninaunda ISO upya kwa genisoimage. Inachukua muda, lakini ninaona kila faili kwa macho yangu na sihitaji kujifunza amri mpya. Kwa Mwalimu ambaye anaweza kutaka kubadilisha mambo mengi baadaye, nadhani folda iliyofumuliwa ina faida kuliko kuvuta faili mojamoja.

Mtunza seva, Shangani – Mtwara

Kaka wa Newala, nakubaliana nawe kwamba folda iliyofumuliwa ni nzuri kwa kazi ya mabadiliko mengi. Kwa Debian, hata hivyo, njia hiyo ina mitego miwili ambayo lazima Mwalimu aijue.

Wa kwanza ni kwamba katika mzizi wa ISO kuna kiungo kinachoitwa debian ambacho kinaelekeza kwenye folda ile ile kilimo. Ukinakili kwa chaguo linalofuata viungo, au ukinakili kwenda kwenye flashi ya FAT32 isiyojua viungo, unakili unaweza kuzunguka ndani kwa ndani hadi nafasi iishe. Tumia `cp -a` kwenye diski ya ext4.

Wa pili ni mzito zaidi. Programu ya genisoimage ilitokana na mkisofs mwaka 2006, na ISO utakayoiunda kwa amri zake za kawaida haitakuwa na ule mpangilio mseto wa flashi na UEFI. Itawaka kwenye DVD katika mashine ya BIOS, ukadhani kazi imekamilika, halafu mashine za UEFI za shule ziitazame flashi na kuipita. Ukitaka kabisa kufumua yote, fungua faili dogo la `/.disk/mkisofs` lililo ndani ya ISO ya Debian: humo wametunza amri kamili waliyoitumia, nayo unaweza kuirekebisha ukaitekeleza kwa `xorriso -as mkisofs`. Njia nyingine ni kuiomba xorriso ikuandikie vigezo hivyo:

`xorriso -indev debian.iso -report_el_torito as_mkisofs`

Mpenzi wa Linux, Lindi mjini

Ndugu Mwalimu, naomba kuongeza njia ya tatu, ambayo haifai kwa kuingiza preseed.cfg lakini inafaa sana pale marekebisho yanapokuwa madogo na nafasi ya diski ikiwa imebana kiasi kwamba huwezi kuweka nakala mbili za GB 4.

Kwa kuwa kila faili katika ISO liko mahali pamoja bila kukatwakatwa, faili jipya lenye idadi ile ile ya baiti linaweza kuandikwa moja kwa moja juu ya lile la zamani. Chukulia kwamba baadhi ya mashine zako zinaonyesha kioo cheusi kwa sababu ya `vga=788` iliyo katika txt.cfg. Toa faili hilo, futa maneno hayo na uweke nafasi tupu saba mahali pake, kisha thibitisha kwa `wc -c` kwamba ukubwa haujabadilika. Halafu uliza faili linaanzia wapi:

`xorriso -indev debian.iso -find /isolinux/txt.cfg -exec report_lba --`

Katika mstari wa jibu, namba ya pili ni sekta ya kuanzia, ya tatu ni idadi ya sekta, na ya nne ni ukubwa wa faili kwa baiti. Tuseme sekta ya kuanzia ni 5210. Basi amri ni:

`dd if=txt.cfg of=debian.iso bs=2048 seek=5210 conv=notrunc`

Usiache `conv=notrunc`. Bila hiyo, dd itaikata ISO yote iliyo mbele ya mahali ulipoandika, na utabakiwa na kipande.

Faida ni kwamba hakuna kitu kingine chochote kinachoguswa: rekodi za kuwashia, orodha za folda na mafaili mengine vinabaki baiti kwa baiti kama vilivyokuwa. Hata md5sum.txt inaweza kurekebishwa kwa njia hii hii, kwa sababu namba ya MD5 daima ina herufi 32, hivyo ukibadilisha namba ya zamani kwa mpya urefu wa faili haubadiliki. Na usiipuuze md5sum.txt, kwa sababu menyu ya kisakinishi ina kipengele cha kukagua uzima wa chombo cha usakinishaji, ambacho hulinganisha mafaili na orodha hiyo. Mwanafunzi akikitumia, kitatangaza kwamba flashi ni mbovu ilhali ni nzima.

Mwalimu wa TEHAMA, Nachingwea

Nawashukuru sana. Nimetumia njia ya xorriso, na ISO mpya imepatikana bila kosa lolote kwenye terminali. Kabla sijaiandika kwenye flashi nina maswali mawili. Je, naweza kuijaribu bila kuzima kompyuta yangu? Na je, ni salama kuweka nywila ya mtumiaji ndani ya preseed.cfg, ikizingatiwa kwamba flashi itapita mikononi mwa wanafunzi?

Nina pia taswira ya diski ya kadi ya Raspberry Pi, faili lenye mwisho wa .img, ambayo tunataka kuitumia kwa maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Je, nayo hubadilishwa kwa xorriso?

Mtunza seva, Shangani – Mtwara

Majaribio yanafanyika kwa qemu, programu inayoiga kompyuta nyingine ndani ya yako, na ninakuomba uyafanye yote matatu, kwa kuwa kila moja linapima mlango wake:

`qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom debian-shule.iso -boot d`

`qemu-system-x86_64 -m 2048 -drive file=debian-shule.iso,format=raw`

`qemu-system-x86_64 -m 2048 -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd -drive file=debian-shule.iso,format=raw`

La kwanza linaiga DVD, la pili linaiga flashi katika mashine ya BIOS, na la tatu linaiga flashi katika mashine ya UEFI. Menyu ikitokea katika yote, andika flashi kwa dd, ukianza na `lsblk` ili uone flashi imepewa jina gani.

Kuhusu nywila, usiiandike kwa maneno wazi. Tekeleza `openssl passwd -6`, andika nywila utakapoulizwa, na matokeo yanayoanza na `$6$` uyaweke kwenye mstari wa `d-i passwd/user-password-crypted password`. Hata hivyo, nywila dhaifu inaweza kukisiwa hata ikiwa imefichwa hivyo, kwa hiyo chagua iliyo ndefu na usitumie ile unayoitumia kwingineko. Kuna jambo jingine linalohusiana na hili: xorriso inaweza pia kufanya kazi kwa `-dev`, yaani kusoma na kuandika faili lile lile la ISO. Katika hali hiyo inaongeza mabadiliko mwishoni, na data ya zamani inabaki ndani hata kama haionekani tena kwenye orodha. Preseed yenye nywila wazi ikishaingia kwa njia hiyo, kuifuta hakuiondoi. Rudi kwenye ISO asilia na uunde nyingine kwa `-indev` na `-outdev` kama ulivyofanya.

Na ninakusihi jambo moja katika preseed.cfg: maswali ya mtandao yafunge kwa `d-i netcfg/enable boolean false` na `d-i apt-setup/use_mirror boolean false`, lakini swali la diski ipi igawanywe liache wazi ili lijibiwe na mtu. Mashine inapowaka kwa flashi, kuna nyakati flashi yenyewe hupewa jina la /dev/sda, na diski ya ndani ikawa /dev/sdb. Faili la majibu lililoagizwa kufuta /dev/sda halitauliza.

Msimamizi wa mtandao, Masasi

Mwalimu, shikamoo. Naomba nijibu la Raspberry Pi, kwa kuwa ni kazi ninayoifanya mara kwa mara. Hapana, xorriso haihusiki huko. Faili la .img ni nakala ya kadi nzima, likiwa na jedwali la vizigeu (sehemu ambamo kadi imegawanywa) mwanzoni, na ndani ya vizigeu hivyo kuna mifumo ya mafaili inayoandikika kama kawaida: cha kwanza ni FAT kwa ajili ya kuwashia, na cha pili ni ext4 chenye mfumo wenyewe. Kwa hiyo huna haja ya kuunda kitu upya. Unaingia na kuandika.

`sudo losetup -fP --show maktaba.img`

Amri hii itakujibu kwa jina kama /dev/loop0, na vizigeu vitatokea kama /dev/loop0p1 na /dev/loop0p2. Pachika kile unachokitaka, badilisha mafaili, kisha kiondoe kwa `sudo umount` na umalizie na `sudo losetup -d /dev/loop0`. Usinakili faili la .img kwenda kwenye kadi kabla ya kuondoa, kwa sababu sehemu ya mabadiliko yako inaweza kuwa bado ipo kwenye kumbukumbu ya mashine.

Iwapo unatumia kompyuta ambayo huna mamlaka ya msimamizi, kizigeu cha FAT kinafikika kwa mtools, amri za kusoma na kuandika FAT bila kuipachika. Tazama sekta ya kuanzia kwa `fdisk -l maktaba.img` na uizidishe kwa 512. Ikiwa kizigeu kinaanzia sekta ya 8192, mahali pake ni baiti ya 4194304, na unaweza kuwezesha SSH, yaani njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, kwa kuweka faili tupu lenye jina ssh:

`touch ssh`

`mcopy -i maktaba.img@@4194304 ssh ::`

`mdir -i maktaba.img@@4194304 ::`

Amri ya mwisho inakuorodheshea yaliyomo ili uone kama faili limeingia. Siku ukikutana na taswira za qcow2 za mashine pepe, losetup haitazisoma, kwa sababu data yake haikupangwa kwa mfululizo. Huko tumia `guestfish --rw -a taswira.qcow2 -i`. Lakini zima kwanza mashine pepe inayoitumia taswira hiyo, kwa maana mifumo miwili ikiandika kwenye diski moja bila kujuana, mafaili huharibika kwa namna isiyorekebishika.